Pikipiki ya kwanza kwa asiyewahi kuendesha: cc 100, 125 au 150?

Lulu_Mbezi

Wakuu, habari za humu. Nataka pikipiki ya kwendea kazini, si ya biashara. Sijawahi kuendesha, naimudu baiskeli tu. Njia yangu ni Mbezi Mwisho hadi Kibaha: kilomita kama 15 za lami Barabara ya Morogoro, halafu kilomita 4 za vumbi, zenye mchanga mwingi kiangazi na tope masika. Urefu wangu sm 160, uzito kilo 58. Sibebi abiria, ni mkoba mmoja tu wenye kompyuta. Nina milioni 3 kwa kila kitu.

Nichukue cc ngapi? Mpya au iliyotumika? Ya Kihindi au ya Kichina? Halafu kuna mtu ananiuzia Yamaha DT 125 ya zamani kwa bei nzuri, na umbo lake nalipenda sana. Naomba msaada wa wanaojua.

---

Fundi_Kihonda

Dada Lulu, karibu. Kabla ya cc, anza na miguu yako na uzito wa pikipiki. Anayejifunza hadondoki sana akiwa kwenye mwendo. Hudondoka anaposimama, anapogeuza, au anapoisukuma kwenye maegesho. Kwa hiyo ukifika dukani fanya hivi: ikalie, kunja standi, isimamishe wima kati ya mapaja. Unyayo wa mguu mmoja ukae chini wote, wa pili angalau nusu ya mbele. Kisha ilaze kidogo upande wa kushoto mpaka uzito uusikie kwenye nyonga, uirudishe wima. Mwisho shuka, shika usukani, isukume kinyumenyume hatua tano. Ikikushinda hapo dukani penye sakafu ya saruji, kwenye mchanga wa Kibaha itakulaza.

Pikipiki za kazi zinazouzwa hapa nyingi zina kilo 110 hadi 125, na siti iko kwenye sm 78 hadi 80. Kwa sm 160 zako utazimudu. Usiondoke dukani kwa kuwa umepima kwa macho.

Sasa cc. Hizi za kazi nguvu zake hazipishani kama watu wanavyodhani. Boxer ya 100 ina takribani farasi 8, TVS HLX 125 iko kwenye 11, Boxer ya 150 ni farasi 12. Hakuna hapo ya kukurusha. Tofauti utaiona barabarani: ya 100 ukienda 70 kwenye kilima huku lori la mikoani likija nyuma, injini imeshafika mwisho, huna akiba ya kujiondoa. Ya 125 na ya 150 zinakuachia akiba hiyo. Ushauri wangu ni 125, kwa kuwa kwa kilo 58 zako bila abiria inatosha na inakula petroli kidogo kuliko 150. Ukipata 150 nzuri kwa bei ileile, usiikimbie.

Kihindi au Kichina: Boxer na HLX, spea zake utazikuta hata kwenye kibanda cha kijijini, na fundi yeyote ameshazifungua mara nyingi. Hilo kwa mtu anayeanza lina thamani kuliko rangi na taa. Za Kichina nyingi injini yake imetokana na Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Haina cheni ya taimingi, valvu zinasukumwa na vijiti. Ni injini ngumu kufa na rahisi kutengeneza. Ubaya wake inatetemeka zaidi, na ubora unategemea kiwanda. Jina la tangi linaweza kuwa lilelile, lakini beringi na nyaya za umeme za mwaka huu zikawa dhaifu kuliko za mwaka jana.

Jambo moja watu hawalisemi: mpangilio wa gia. Kuna pikipiki yenye gia ya kwanza chini, frii katikati, nyingine zote juu. Kuna nyingine gia zote unakanyaga mbele, na kurudi unakanyaga kwa kisigino. Jifunzie kwenye mpangilio uleule wa pikipiki utakayonunua. Ukijifunzia wa kwanza kisha ukanunua wa pili, siku ya hofu mguu utafanya ulichozoea: unataka kushusha gia, unapandisha.

Kuhusu DT, achana nayo kwa sasa. Ile ni injini ya mipigo miwili, inahitaji oili yake maalumu ya kuungua pamoja na petroli. Kwenye zilizozeeka pampu ya oili huwa imechoka au imeng'olewa, mwenye nayo anachanganya oili kwenye tangi. Ukisahau siku moja, au ukakosea kipimo, pistoni inashikana na silinda na tairi la nyuma linafunga ukiwa kwenye mwendo. Siti yake iko juu, kwa urefu wako utagusa kwa ncha za vidole. Na nguvu yake haiji polepole: chini imelala, ikifika mzunguko fulani inaamka ghafla. Anayejifunza klachi hahitaji hilo.

---

Lami_na_Vumbi

Nakubaliana na fundi kwa mengi, ila kwa milioni 3 ya kila kitu, mimi ningetazama iliyotumika vizuri, hasa ya mtu binafsi. Ukitoa kofia, glavu, bima, mafunzo na leseni, kinachobaki kwa mpya ni cha kubana. Na ya kwanza utaiangusha tu. Bora mkwaruzo uwe kwenye tangi lenye mikwaruzo tayari.

Ukiwa unaenda kuitazama, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Kama ina joto, ameshaiwasha ili kuficha kwamba asubuhi inasumbua. Muage, rudi siku nyingine.

Ikiwa baridi, vuta choki, piga kiki. Mguu ukutane na upinzani. Kiki ikishuka laini kama pampu iliyotoboka, kompresheni haipo. Ikiwaka, simama nyuma ya silensa. Moshi wa bluu unaotoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukaisha ni sili za valvu, si kazi kubwa. Moshi wa bluu unaozidi kila ukivuta mafuta ni ringi au silinda, hapo hesabu kufungua injini. Moshi mweusi ni petroli nyingi, kabureta au chujio la hewa. Mweupe wa dakika mbili asubuhi ni unyevu, usikutishe.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kosa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Paka tone kwenye karatasi nyeupe ulitazame juani: ukiona vichembe vinavyong'aa, kuna chuma kinasagika. Tazama na vichwa vya skrubu za kava la injini. Vikiwa vimechubuka, injini imeshafunguliwa, muulize kwa nini.

Sasa fremu, na hapa usiharakishe. Piga dabo standi (ile ya katikati), mtu akandamize nyuma ili tairi la mbele linyanyuke. Zungusha usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukisikia kama unanasa kidogo pale katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika tairi la nyuma, litikise kushoto na kulia. Likicheza, ama ni beringi za tairi ama bushi za mkono unaolishika, na pikipiki ya hivyo inatapatapa kwenye kona. Halafu rudi nyuma hatua sita, chuchumaa, tazama kama matairi mawili yako kwenye mstari mmoja. Yasipokuwa, imegongwa. Hapo hakuna bei nzuri, ondoka.

Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Zote zilie karibu sauti moja. Inayotoa sauti butu imelegea. Kwenye sproketi kubwa ya nyuma, vuta cheni kuelekea kwako pale nyuma kabisa. Ikiachia jino kiasi cha kuonekana zaidi ya nusu, cheni imekwisha, na utanunua seti nzima: cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye sproketi za zamani haidumu. Tairi nalo lina umri: ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka saba lenye kashata nzuri bado ni tairi gumu, kwenye mvua linateleza.

Ukiwa bado hujui kuendesha, nenda na anayejua, apime klachi kwa kuiendesha: gia ya nne kwenye mwendo wa 30 hivi, afungue mafuta yote. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, sahani za klachi zimeisha.

Karatasi mwisho, ila usilipe kabla yake. Namba ya chesisi imepigwa kwenye shingo ya fremu, ya injini kwenye kava la chini. Zisome kwa macho yako, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Namba zilizochimbwa upya huonekana: herufi hazilingani kina, au rangi pale ni mpya kuliko kwingine. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, mkataba wa mauziano uandikwe, na uhamishe umiliki TRA mara moja. Ukiiacha kwa jina lake, hata faini zake za zamani zitakukuta wewe barabarani.

---

Lulu_Mbezi

Asanteni sana, DT nimeiacha kwa moyo mzito. Naomba kuuliza: nikiamua mpya, dukani nakagua nini? Si inatoka kiwandani iko sawa? Na kuna HLX nimeona zina diski mbele na nyingine hazina, ipi bora kwangu?

---

Mzee_wa_Spana

Mwanangu, hilo la kusema inatoka kiwandani iko sawa ndilo linawaumiza wengi. Pikipiki inafika imefungwa kwenye kasha, tairi la mbele halijafungwa, usukani haujafungwa, betri kavu. Anayeiunganisha ni kijana wa dukani, na siku nyingine anaunganisha kumi kwa siku. Kwa hiyo itazame kama iliyotumika.

Betri kwanza. Zile za maji ya asidi zikijazwa zinatakiwa kuachwa kama nusu saa, kisha zichajiwe polepole kabla ya kutumika. Madukani wanajaza, wanafunga, wanapiga selfu. Betri ya hivyo inakuwa imekatwa umri siku ya kwanza, baada ya miezi michache selfu inagoma na wewe unalaumu pikipiki. Mwambie muuzaji unataka ichajiwe usiku mzima, na utaifuata kesho yake. Hakuna muuzaji atakayekataa kwa ajili ya siku moja.

Kisha pita na spana: nati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, boliti za injini kwenye fremu, boliti za usukani, nati za shokapu, boliti za sproketi ya nyuma. Nati ya ekseli ya nyuma ikiwa ina pini, uione pini yenyewe imekunjwa. Pindisha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto injini ikiwa inaunguruma frii. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umepita vibaya na unavutwa. Hilo likitokea kwenye kona utaongezewa mwendo usioutaka.

Mkono wa klachi uwe na mlegezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta. Pedeli ya breki ya nyuma, milimita 20 hadi 30. Upepo: mbele psi 25, nyuma psi 28 ukiwa peke yako, upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi. Usije ukashusha chini ya 20 eti kwa ajili ya mchanga. Tairi la tyubu likikosa upepo linazunguka juu ya rimu, linaiburuta tyubu na valvu inakatika.

Kuifunza injini: kilomita 1,000 za kwanza usifungue mafuta mpaka mwisho, usiende mwendo mmoja muda mrefu, usiburute gia kubwa kwenye kilima. Njia yako ya kilomita 19 ina kupanda, kushuka na foleni, inafaa kabisa kwa kazi hiyo. Oili ya kwanza mwaga kwenye kilomita 500, maana inatoka na unga wa chuma wa gia mpya. Hapohapo fundi akague tepeti na kukaza boliti zote. Baada ya hapo kila kilomita 2,000 kwa vumbi lako. Weka 20W-50, kipimo ni kama lita 1, lakini hakikisha kwa kijiti au kioo cha oili pikipiki ikiwa wima, si ikiwa imeegemea standi ya pembeni. Kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, ukiweka klachi inaanza kuteleza.

Kuhusu breki, wewe chukua ya ngoma. Ina kiwaya na viatu tu, kila fundi anaijua, na kidole cha mshale kwenye mkono wa ngoma kinakuonyesha viatu vikikaribia kwisha.

---

Dada_wa_Klachi

Mzee wangu shikamoo. Kwenye breki naomba nitofautiane nawe, kwa sababu ya zile kilomita 15 za lami na malori. Diski ya mbele inashika kwa usawa hata ikiwa imelowa, na kidole kinaisikia vizuri. Ngoma ikiingia maji huwa haishiki mpaka uikaushe kwa kuibana kidogo huku unaendelea kwenda, na anayejifunza hakumbuki hilo kwenye mvua. Mchanga unakula pedi haraka, kweli, lakini pedi ni za bei ndogo na unaziona unene wake kwa macho. Lulu, bei zikikaribiana chukua diski. Zikiachana sana, ngoma iliyorekebishwa vizuri inatosha, tofauti hiyo iweke kwenye kofia.

Cha muhimu kuliko aina ya breki ni kuitumia ya mbele. Wengi wanaojifunza mtaani huambiwa breki ya mbele inaangusha, wanabaki na mguu tu. Unapofunga breki uzito wote unahamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, ukilikanyaga kwa nguvu linafunga na kuteleza. Breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha kwa sehemu kubwa. Kinachoangusha ni kuibana ghafla, au kuibana ukiwa umelala kwenye kona, au juu ya mchanga. Tafuta uwanja mkavu wa lami au saruji, weka chupa mbili za maji kama alama, uje na mwendo wa 30. Ukifika kwenye chupa anza kubana kwa vidole viwili kwa kuhesabu moja, mbili, mguu ukisaidia kidogo, na klachi ukiivuta mwishoni. Rudia mara 20 kwa siku mpaka unaposimama pasibadilike. Usiingie Barabara ya Morogoro kabla ya hapo. Kwenye mwendo wa 60 unapita karibu mita 17 kila sekunde, kwenye 80 ni mita 22, na hiyo sekunde moja inaisha kabla mkono haujagusa breki.

Ukilipita lori, jua hewa yake inakuvuta kwanza ukiwa ubavuni, kisha unapotokeza mbele upepo unakusukuma kando. Usikakamae. Magoti yabane tangi, mikono iwe laini, na usikae ubavuni mwa lori hata sekunde moja zaidi ya inayohitajika.

Mchanga: gia ya pili, mafuta ya kiasi kimoja yasiyopanda wala kushuka, macho mbali mita 15 au 20, si kwenye tairi la mbele. Usukani utachezacheza, uache ucheze. Ukijaribu kuunyoosha kwa nguvu ndipo unapolala. Mbele usiguse breki, punguza kwa mafuta na mguu. Mkoba wako ufunge nyuma ya siti kwa mpira, usiuvae begani ukining'inia upande mmoja, unakuondolea mizani hapohapo unapoihitaji.

Kofia sasa. Pima kichwa kwa utepe, sm 2 hivi juu ya nyusi na kuzunguka pale nyuma palipotokeza. Sm 57 hadi 58 kwa kawaida ni M, 59 hadi 60 ni L. Kama unavaa mtandio au unasuka, pima ukiwa vilevile utakavyoendesha. Ivae, funga mkanda, kisha mwambie mtu aishike nyuma chini na kuisukuma juu kuelekea mbele. Ikitoka, si yako. Mashavu yabanwe kiasi cha kukufanya uhisi umeyauma kidogo ukitafuna, maana sponji hulegea baada ya wiki chache. Tafuta alama ya E ndani ya duara iliyoshonwa kwenye mkanda. Na iliyotumika usinunue kabisa: sponji gumu la ndani likishapigwa mara moja halirudi, na kwa nje huwezi kuliona.

Leseni: pikipiki iliyo chini ya cc 125 ni daraja A1, inayozidi hapo ni daraja A. Usije ukafanya mtihani wa A1 kisha ukanunua 150. Omba daraja linaloendana na kadi ya pikipiki.

---

Lami_na_Vumbi

Dada kamaliza. Naongeza moja tu: kama mtu atakushawishi skuta kwa sababu haina klachi, kwa lami tupu ningesema sawa. Kwa zile kilomita 4, hapana. Nyingi zina rimu za inchi 10 au 12, shimo ambalo tairi la inchi 17 linapita juu yake, la skuta linaingia ndani.

---

Lulu_Mbezi

Nimewaelewa wote, Mungu awabariki. Natafuta HLX 125 au Boxer 125, iliyotumika kwanza, na nikikosa yenye fremu safi nachukua mpya na betri ichajiwe usiku. Kofia nanunua kabla ya pikipiki ili nisije nikabana pesa yake. Swali la mwisho: cheni nimeona kila mtu anasema ilegee lakini isilegee sana. Naipimaje mwenyewe nyumbani?

---

Mzee_wa_Spana

Piga dabo standi, gia iwe frii. Shika rula, isimamishe pembeni ya cheni ya chini, katikati ya sproketi mbili. Sukuma cheni juu kwa kidole mpaka igome, soma. Ivute chini, soma. Tofauti iwe milimita 20 hadi 30. Zungusha tairi robo, pima tena, fanya hivyo mara nne, maana cheni hairefuki sawa kote. Kipimo unachokifuata ni cha pale ilipokaza zaidi. Ukikaza kwa kufuata pale ilipolegea, pale pengine itakaza kupita kiasi na kula beringi ya gia. Ukirekebisha, legeza nati ya ekseli, zungusha nati za pande zote mbili kwa hesabu sawa, na alama zilizochorwa kushoto na kulia zisome namba moja. Kisha kaza ekseli na upime tena, kwa sababu kuikaza kwenyewe huibana cheni kidogo. Kwa vumbi lako fanya kila Jumamosi, na uipake oili jioni baada ya safari ikiwa bado ina joto, upande wa ndani wa cheni, ili asubuhi iwe imeshanyonya na isirushe kwenye nguo.